Saa ya Kwanza Karakanani

Nimekuwa mtunza stoo kwa miaka mingi katika karakana za Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya muda huo niliitumia katika karakana moja ya milango ya chuma, madirisha na samani, nyuma ya Barabara ya Nyerere, upande ule ambako maghala na viwanda vimebanana hadi malori hulazimika kurudi kinyumenyume ili kupishana. Mtunza stoo hashiki grenda wala hachomelei, kwa hiyo mafundi humhesabu kuwa mtu wa makaratasi. Hata hivyo, karibu kila kinachoweza kumwumiza mtu pale ndani hupita kwanza mikononi mwake: diski, tina, asidi ya betri, nyaya, mitungi ya gesi. Na kila kinachotakiwa kumkinga mtu huyo hupita mlango huo huo. Ukilisoma daftari la stoo kwa utulivu, utaona mambo ambayo msimamizi hatayasikia kwa mdomo wa mtu. Utaona kwamba plasta na bandeji huombwa zaidi majuma yanayotangulia Idi na Krismasi, wakati oda zimebana na malipo ni kwa kila dirisha lililokamilika. Utaona pia kwamba jozi za glavu humalizika haraka mahali fulani na hazigusiki mahali pengine, na ukifuatilia sababu utajifunza mengi kuliko katika vikao.

Katika miaka yangu ya mwanzo pale, mfanyakazi mpya alipewa utangulizi wa sentensi moja tu. Msimamizi alimpokea getini, akamwonyesha mahali pa kuweka begi, akamwambia, “Uwe makini, hapa kuna mashine.” Kijana alijibu, “Sawa, bosi,” na kabla ya saa nne asubuhi alikuwa ameshashika chombo. Nimeusikia utangulizi huo katika karakana nyingine pia, na nimefikia kuamini kwamba haumsaidii mtu yeyote isipokuwa anayeutamka. Mgeni anaambiwa awe makini na vitu asivyovijua, na siku akiumia, lawama inakuwa imeshaandaliwa, kwa kuwa alionywa na hakusikia.

Tukio lililonifundisha hivyo lilimhusu kibarua mmoja kutoka Mbagala, kijana mpole aliyekuwa na muda mfupi tu kazini. Alikuwa anakata vyuma vya pembe kwa grenda ndogo, ile ya inchi nne na nusu, ambayo ilifungwa diski kubwa ya inchi tisa iliyokwisha kulika pembeni hadi kubaki kama inchi saba. Mafundi wa mjini wanaujua mtindo huo: diski kubwa ikichakaa haitupwi, huhamishiwa grenda ndogo ili itumike mpaka imalizike. Lakini diski ya kipimo hicho haiwezi kuingia ndani ya kava la grenda ndogo, kwa hiyo kava hung'olewa. Diski ile ilipasuka ikiwa kwenye kasi, kipande kimoja kikamchana shavu kutoka karibu na sikio hadi pembeni mwa mdomo, kingine kikapiga bati la paa. Alishonwa, akapona, na jicho lilisalimika kwa upana wa kidole.

Kikao kilichofuata kilianza kwa sentensi ambayo naamini imetamkwa katika vikao vingi vya aina hiyo: “Huyu kijana hakuwa makini.” Mzee wetu wa kuchomelea, aliyekuwa na umri wa kuwa baba wa wengi mle ndani, aliinamisha kichwa na kunyamaza. Mimi nilikuwa na daftari langu. Diski ndogo zilikuwa zimeisha stoo tangu juma lililotangulia, na hati ya kuagiza nyingine ilikuwa bado ofisini, ikingoja sahihi. Nikauliza, ikiwa diski ndogo hazipo na oda ya madirisha inatakiwa Ijumaa, fundi alitarajiwa akate kwa kitu gani? Hapo ndipo mzee naye alipofungua kinywa. Alisema kwamba grenda ile ilipewa kijana mgeni kwa sababu wenyeji walikuwa wameikataa tangu asubuhi. Waliijua. Hakuna aliyemwambia mgeni kwa nini imebaki peke yake mezani.

Ukizifuata hatua hizo moja baada ya nyingine, kutoka shavu la kijana hadi kwenye meza ya ofisi, utaona kwamba umakini wake ulikuwa na nafasi ndogo sana. Kila diski imeandikwa mzunguko wa juu kabisa inaoweza kuustahimili. Diski ya inchi tisa kwa kawaida huandikwa mizunguko takriban 6,600 kwa dakika, ilhali grenda ndogo huzunguka karibu mara 11,000. Kwa upana wa inchi saba na mzunguko huo, ukingo wa diski hukimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde, wakati diski za kawaida za kukatia hutengenezwa kwa kikomo cha mita 80. Hakuna umakini wa mkono unaoweza kuizuia isipasuke. Kava lingezuia kipande kisimfikie usoni. Diski sahihi ingezuia kisa chote. Sahihi moja kwenye hati ya manunuzi ingeleta diski sahihi.

Tangu siku hiyo nilianza kuzisoma diski zenyewe, kazi ambayo hapo awali sikujua kwamba ni sehemu ya kazi yangu. Katika pete ya chuma iliyo katikati ya diski nyingi pamegongwa mwezi na mwaka, na hiyo ndiyo tarehe ya mwisho ya kuitumia, kwa sababu gundi inayoshikanisha chembe hudhoofika kwa umri na kwa unyevu, na unyevu Dar es Salaam tunao mwaka mzima. Nilizihamisha kutoka sakafuni, ambako maji ya masika yalikuwa yakipenyeza chini ya mlango, nikaziweka rafu ya juu, za zamani mbele na mpya nyuma. Nikaanza pia kuuliza swali kabla ya kutoa: inaenda mashine gani? Mafundi walinicheka kwa muda, wakaniita “dada wa polisi”, kisha wakazoea.

Baadaye niliteuliwa kuwa mwakilishi wa usalama na afya mahali pa kazi. Sheria Namba 5 ya mwaka 2003, yaani Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne awateue wawakilishi kwa maandishi, na karakana yetu ilikuwa na watu wengi zaidi ya hao. Sheria hiyo ilichukua nafasi ya ile ya viwanda tuliyoirithi kutoka enzi za ukoloni, nayo inaenda mbali zaidi ya viwanda, kwa maana ofisi, shamba, duka na hoteli vyote ni mahali pa kazi. Msimamizi wake ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao kila mtu anaufahamu kwa jina la OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001. Watu wengi huifahamu OSHA kama wakaguzi wanaokuja kuuliza cheti cha usajili, na baadhi ya waajiri hupiga rangi mistari ya sakafuni wakisikia kwamba wako njiani. Mimi nilinufaika nayo kwa njia nyingine, kwa sababu katika mafunzo ya wawakilishi nilifundishwa mpangilio wa kufikiri ambao umekuwa kipimo changu hadi leo.

Mpangilio wenyewe unaanza na kuuliza kama kihatarishi kinaweza kuondolewa kabisa. Kama haiwezekani, kibadilishwe kwa chenye madhara madogo. Kisha kitenganishwe na watu kwa kava, ukuta, pazia au feni ya kuvuta hewa. Kisha ndipo zipangwe zamu, mafunzo na mabango. Na mwisho kabisa ndipo mtu avalishwe glavu, miwani na kofia ngumu. Karakana nyingi nilizozijua huanzia mwisho na kuishia hapo hapo. Zinanunua kofia za njano, zinapiga picha, zinahesabu kazi imekwisha. Nami sivipuuzi vifaa kinga, maana nimevigawa kwa mkono wangu na nimeona miwani iliyopasuka badala ya jicho. Lakini kifaa kinga hufanya kazi pale tu kilipo, kikiwa cha saizi ya mvaaji, kikiwa kizima, na mvaaji akikumbuka kukivaa kila mara. Kava lililofungwa kwa skrubu halihitaji kukumbukwa na mtu. Zaidi ya hapo, kifaa kinga kikitolewa bila kufikiri kinaweza chenyewe kuumiza. Glavu za kitambaa zilizo nzuri kwa kubebea mabati ni hatari kwenye mashine ya kutoboa, kwa sababu uzi ukinaswa na keekee inayozunguka, huuvuta mkono mzima. Ndiyo sababu glavu hazikuwa zikiombwa na watu wa mashine ya kutoboa, na walikuwa na haki. Kuhusu saizi nitasema moja tu: mimi navaa viatu namba 38, na buti za kwanza nilizopewa zilikuwa 42, nikatembea nazo kwa miezi nikiburuta miguu juu ya nyaya.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni upande wa afya, kwa kuwa ajali hupiga kelele na ugonjwa hunyamaza. Shirika la Kazi Duniani, ILO, linakadiria kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka duniani kwa sababu zinazohusiana na kazi zao, na katika hao takriban milioni 2.6 huuawa na magonjwa, huku ajali zikiua kama 330,000. Nilipozisoma takwimu hizo mara ya kwanza nilidhani zimegeuzwa. Kisha nikaanza kuwatazama wachomeleaji wetu kwa jicho lingine.

Tulikuwa na oda za mara kwa mara za mageti na uzio wa mabomba yaliyopakwa zinki ili yasipate kutu, bidhaa inayopendwa sana na wateja wa Kigamboni na Mbezi Beach kwa sababu ya chumvi ya bahari. Kila zilipoingia oda hizo, nilipata Jumanne asubuhi ujumbe wa aina moja: fulani ana homa, anatetemeka, viungo vinamuuma, ameenda kupima malaria. Aghalabu majibu yalikuwa hayana malaria, mgonjwa alinunua dawa hata hivyo, na siku iliyofuata alikuwa mzima na kuisifu dawa. Zinki inapopata moto mkali wa kuchomelea hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta hupata, saa kadhaa baadaye, homa na baridi na ladha ya chuma mdomoni, mambo ambayo huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Kinachowachanganya watu zaidi ni kwamba mwili huuzoea moshi huo kwa muda mfupi juma linapoendelea, kisha huusahau mwisho wa juma, kwa hiyo anayeanza tena Jumatatu ndiye anayepigwa usiku wake. Katika mji ambao kila homa hupewa jina la malaria, ugonjwa wa kazini unaweza kujificha mchana kweupe kwa miaka.

Dawa iliyokuwa ikitegemewa pale ni maziwa. Wachomeleaji walipewa pakiti ya maziwa kila siku, na waliitetea haki hiyo kuliko nyongeza ya mshahara, wakiamini kwamba maziwa husafisha kifua. Maziwa huingia tumboni, moshi huingia kwenye mapafu, na njia hizo hazikutani. Nililisema hilo kikaoni na nusura nifukuzwe na wachomeleaji wenyewe, kwa kuwa waliona ninataka wanyang'anywe maziwa. Mzee wa kuchomelea alinisaidia kwa hekima yake. “Mwanangu,” aliniambia pembeni, “usianze na maziwa. Anza na moshi. Ukiwaondolea moshi, maziwa watakunywa kwa sababu ni matamu.” Tukaanza na moshi. Mabomba yakaanza kusagwa zinki sehemu za maungio kabla ya kuchomelewa, msagaji akiwa amevaa miwani na barakoa, na kuchomelea kwenyewe kukahamishiwa upande ulio wazi unaopata upepo wa bahari, fundi akisimama ili upepo umpige ubavuni na kuupeleka moshi mbali na uso wake. Hiyo haikugharimu pesa yoyote isipokuwa ubishi. Feni ya kuvuta moshi ilikuja baadaye sana, nayo iligharimu. Kuna mambo mazito kuliko homa ya zinki, kwani mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilihitimisha kwamba moshi wa kuchomelea husababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mbao, ambalo mafundi wetu wa samani walikuwa wakilifagia likiwa kavu kila jioni, lilikuwa limeshawekwa katika kundi hilo tangu miaka ya 1990. Maziwa, kwa taarifa ya wasomaji, yanaendelea kutolewa.

Mwanga wa kuchomelea una tabia kama hiyo ya kuchelewa. Anayeupata bila kioo halii pale pale. Huamka usiku wa manane akihisi mchanga machoni, machozi yakimtoka, na nyumbani huwekewa vipande vya viazi mbichi juu ya kope. Katika karakana yetu walioathirika zaidi walikuwa wabebaji na wapaka rangi waliopita karibu, kwa kuwa mchomeleaji mwenyewe alikuwa na kinyago chake. Kuwapa wote vinyago lisingekuwa jambo la akili. Tulichukua mabati mabovu, tukayaunganisha kuwa paravani zenye miguu, zikapakwa rangi nyeusi isiyong'aa, na malalamiko ya macho yakapungua hadi karibu kwisha.

Mambo hayo ndiyo yaliyobadilisha utangulizi wa mfanyakazi mpya. Badala ya sentensi ya getini, tulianza kumtembeza. Mwanzoni msimamizi aliniandikia orodha ndefu ya kusoma kwa sauti, nikaisoma mara chache nikaiacha, kwa sababu mgeni husikiliza maneno huku macho yake yakizunguka akitafuta choo kiko wapi na nani atakuwa rafiki yake. Tukaanza na hivyo hivyo anavyovitafuta: choo, maji ya kunywa, mahali pa kula, na Mama Ntilie anayekopesha. Maji si jambo dogo chini ya paa la bati mwezi wa Januari, na mtu asiyejua yalipo hatauliza siku ya kwanza. Kisha tukampeleka kwenye swichi kuu ya umeme, tukamtaka aizime kwa mkono wake mwenyewe wakati wa mapumziko, maana kuonyeshwa na kushika ni vitu viwili. Akaona milango miwili ya kutokea, akaona mtungi wa kuzimia moto na kuambiwa upi ni wa umeme na kwamba maji hayamwagwi kwenye moto wa nyaya wala wa tina, akasomewa namba 114 ya Zimamoto iliyoandikwa ukutani kwa rangi. Akaonyeshwa sanduku la huduma ya kwanza na mtu aliyefundishwa kulitumia, kwa sababu sanduku bila mtu ni kabati tu.

Sehemu iliyozaa matunda zaidi ni ile ya mashine atakayoitumia. Hapo hakufundishwa na mimi wala na msimamizi. Alifundishwa na fundi anayeitumia kila siku, naye alitakiwa kumweleza mgeni mambo ambayo mashine hiyo imewahi kufanya. Mashine zetu nyingi zilikuja na maonyo ya Kichina na Kiingereza yaliyokwisha kufunikwa na grisi, lakini kila fundi alikuwa na historia ya mashine yake kichwani. Msumeno wa duara ulikuwa na tabia ya kurudisha ubao nyuma ukikutana na fundo. Mashine ya kukunja bati ilikuwa na kanyagio linalonata. Mambo hayo hayakuwa yameandikwa popote, na yalipoanza kutamkwa mbele ya mgeni, ofisi nayo ikaanza kuyasikia, na kanyagio likatengenezwa. Hilo sikulitarajia: utangulizi ulioandaliwa kwa ajili ya mgeni ukawa ukaguzi wa kila mara wa karakana nzima.

Masikio nayo yalipata nafasi yake. Kipimo ambacho wataalamu wengi hukitumia ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka desibeli tatu, muda salama hupungua kwa nusu. Grenda ikikata chuma inaweza kufika desibeli 100, ambapo muda huo hubaki kama dakika 15. Mgeni haambiwi namba hizo. Anaambiwa kwamba, ikiwa analazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono amsikie, basi avae vizibo vya masikio. Mtu mmoja pale ambaye hakuhitaji kuelezwa sana ni mzee wetu, ambaye televisheni yake, kwa mujibu wa mkewe, husikika mpaka kwa jirani wa tatu. Uziwi wa aina hiyo haurudi nyuma, na ndiyo sababu vipimo vya afya vinavyotakiwa kisheria kabla ya kuanza kazi na mara kwa mara baadaye vina maana kubwa. Bila kipimo cha mwanzo, mfanyakazi hawezi kuonyesha kwamba aliingia na masikio mazima, na mwajiri hawezi kuonyesha kwamba hakuyaharibu yeye.

Kuhusu fidia nitapita haraka, ingawa ndiyo watu huuliza kwanza. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008 na Mfuko wake, WCF, ulianza kazi mwaka 2015. Michango hutolewa na mwajiri, haikatwi katika mshahara wa mfanyakazi, na katika utangulizi wetu jambo hilo husemwa wazi kwa kuwa wapo wanaoficha jeraha wakidhani matibabu yatakatwa kwao. Kinachoharibu madai mengi niliyoyaona ni ukimya wa siku za kwanza. Mtu hutegua mgongo, huenda nyumbani kukandwa, hurudi baada ya wiki mbili, na hakuna maandishi popote yanayosema aliumia akibeba nini. Kwa hiyo jeraha lolote huandikwa siku ile ile, hata la plasta moja, pamoja na yale ambayo hayakumwumiza mtu lakini yangeweza kumwumiza. Hayo ya mwisho tuliyapa ukurasa wake, na bosi alikubali sharti moja ambalo lilikuwa gumu kwake, kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa alichokiandika humo.

Ugumu mkubwa ulibaki kwa vibarua. Bosi wetu, ambaye namheshimu, aliniuliza kwa mshangao wa kweli: “Dada, nimlipe saa nzima ya kutembea mtu aliyekuja kwa siku moja?” Nilimjibu kwamba mtu wa siku moja ndiye asiyejua lolote. Hatari haina kawaida ya kuuliza mkataba. Jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka tarehe 29 Machi 2013 na kuua zaidi ya watu 30, miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa jirani tu na eneo hilo. Na sheria nayo haimruhusu mwajiri kuwafumbia macho wasio waajiriwa wake walio ndani ya eneo lake. Tulikubaliana kuufupisha utangulizi wa kibarua: maji, swichi, milango, mashine asizoruhusiwa kugusa, na mtu mmoja anayetajwa kwa jina wa kumwuliza. Dakika 20 zilitosha, na zililipwa.

Wapakiaji wanaoletwa na dalali na lori lake wamebaki nje ya mpango huo kwa muda mrefu kuliko wengine wote. Wanakuja na ndala, wanabeba mifuko ya saruji ya kilo 50 mgongoni kutwa, wanaondoka, na anayeumia habaki kwenye kumbukumbu ya mtu. Pendekezo la ILO la mwaka 1967 lilikwisha kuweka kilo 55 kuwa ukomo wa mzigo ambao mwanamume mzima abebeshwe mara kwa mara kwa mkono, na lumbesa za Kariakoo zinaupita ukomo huo bila wasiwasi. Sisi hatuna lumbesa, lakini mageti yetu ni mazito zaidi. Kabla sijahama pale tulikuwa tumenunua toroli mbili na kutengeneza njia ya mteremko ya chuma kutoka jukwaa la kupakilia hadi kwenye bodi la lori, kazi iliyofanywa na mafundi wetu wenyewe kwa vyuma vilivyobaki. Suala la nani amlipie dalali buti za watu wake lilikuwa bado linabishaniwa, dalali akisema ni juu ya mwenye mzigo na ofisi ikisema ni juu ya dalali. Wakati huo huo, nilikuwa natoa buti za akiba stoo asubuhi na kuzipokea jioni kwa daftari, kila jozi kwa sahihi, zikiwamo zile namba 42.